Maktaba ya Chooni

Kwa karibu mwaka mzima, maktaba ya kituo chetu cha afya ilikuwa choo cha wafanyakazi. Sisemi hivyo kwa kuchekesha, ingawa wenyewe tulicheka sana. Muuguzi akikwama na dozi ya mtoto, au akikutana na dawa mbili asizojua kama zinapatana, alimwambia mgonjwa, "Nisubiri kidogo," akatoka, akapita nyuma ya tangi la maji, akajifungia chooni na kutoa simu. Huko ndiko tulikosoma. Tukirudi chumbani tulikuwa na jibu, na uso wa mtu aliyezaliwa nalo.

"Fulani yuko wapi?" "Yuko maktaba." Mtu akikawia huko, tulijua kinachomsumbua si tumbo bali mtandao. Ulishika vizuri upande wa dirisha dogo tu, tena mpaka uinyanyue simu karibu na bati. Nimesoma mambo mengi ya maana nikiwa nimesimama hivyo, mkono juu, shingo imepinda, huku mwenzangu anagonga mlango kwa haja ya kweli.

Kituo chetu kiko upande wa mashariki wa Kigali, kwenye barabara ya kutoka Kanombe kwenda Kabuga. Mimi ni muuguzi wa chumba cha kifua kikuu. Nililelewa Tanzania, nikarudi na wazazi wangu nikiwa msichana mkubwa, nikasomea kazi hii kwa Kiingereza. Dada mkubwa wa kituo, muuguzi aliyebakiza miaka michache astaafu, alisomea kwa Kifaransa. Wagonjwa wetu wanaugua kwa Kinyarwanda. Kwa hiyo kila jambo tulilotaka kulijua lilipitia lugha mbili au tatu kabla ya kumfikia aliyelala kitandani.

Ukitaka kujua mhudumu wa afya wa huku anapata wapi habari anazozihitaji, usiangalie kabati la vitabu. Kabati tulikuwa nalo, zuri, la kioo, na miongozo mipya imepangwa ndani kwa mstari. Ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwenda mafunzoni akahamishwa hukohuko. Kulikuwa na bango la dozi ukutani, lakini mtu alitundika kalenda juu yake, na kalenda ilikuwa na picha nzuri kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuitoa. Kulikuwa na kundi letu la Watsapu: ukiuliza swali saa tatu asubuhi, kwanza unapata maua na salamu za siku njema, halafu "pole dada" nne, na mchana majibu mawili yanayopingana. Na kulikuwa na dada mkubwa mwenyewe. Yeye alikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa alichokivika jalada la karatasi ya mfuko wa unga, na kichwa kilichokumbuka karibu vyote vilivyomo. Tulimuuliza yeye kwanza. Tatizo ni kwamba dawa zinabadilika, na kitabu chake hakikubadilika.

Bora kuliko vyote ilikuwa simu. Nayo ndiyo tuliyokatazwa.

Ilianza na sanduku la maoni. Kila mwisho wa mwezi titileri, ndivyo tunavyomwita mkuu wa kituo, hulifungua kikaoni mbele yetu sote na kusoma karatasi moja baada ya nyingine, kwa sauti, bila kupunguza. Mwezi ule zilitoka karatasi tatu zenye neno moja: wauguzi wanacheza na simu na sisi tunaumwa. Niliwaka. Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi, na nilisimama nikasema kwamba mimi nikiwa na simu nasoma. Titileri akaniuliza, "Mgonjwa atajuaje?" Nikakaa, maana kwa haki ya Mungu wapo wenzetu waliokuwa wakitazama vichekesho. Basi amri ikatoka: simu isionekane mbele ya mgonjwa. Akaongeza maneno ambayo sote tuliyakubali kwa moyo mmoja: "Mgonjwa akikuona unatafuta, atajua hujui."

Nami niliyaamini zaidi ya wote. Nililalamikia amri, lakini aibu ile ilikuwa yangu tangu zamani. Nilitaka nionekane najua.

Sasa nimlete mama mmoja, mgonjwa wangu, ambaye habari hii ni yake. Alikuwa fundi cherehani katika soko la Kabuga, mjane, mzaliwa wa Nyamirambo, Mwislamu ambaye babu yake alifika huku na biashara kutoka pwani. Alikuja kwangu na kikohozi kisichokoma, vipimo vikaonyesha kifua kikuu, tukamwanzishia dawa. Kwa miezi ya mwanzo mgonjwa anameza vidonge vyenye dawa nne zilizobanwa pamoja. Kila Jumanne alikuja kuchukua vya wiki nzima. Ukiiondolea mapambo, kazi yangu ilikuwa kumwambia kila mgonjwa jambo moja: usikose hata siku moja. Yule mama hakukosa. Alikuwa akinitania Kiswahili changu, anasema naongea kama redio, nami namtania chake kwamba kimepanda mlima kikapoteza viatu.

Jumanne moja, mwezi wa pili wa dawa, nilimuuliza maswali yangu ya kila wiki huku nikijaza fomu. Kukohoa? Kutapika? Macho?

"Macho iko sawa, muganga. Shida iko kwa uzi."

"Uzi gani, mama?"

"Uzi ya kushonea. Yule mwenye duka ananiuzia ile imechakaa rangi. Naomba nyekundu, ananipa ka kitu ka majivu. Juzi nimeshona sketi ya shule, ile ya kijani. Mama ya mtoto akairudisha, ati nimepindia na uzi nyekundu. Nyekundu! Mimi!"

Nilicheka. Nikamwambia abadilishe duka. Kwenye fomu, penye "macho", nikatia alama ya sawa, nikampa vidonge vya siku saba.

Wakati anavifunga kwenye ncha ya mtandio wake, jambo fulani likanikereketa kichwani. Halikuwa ujuzi, lilikuwa kumbukumbu ya darasani, mwalimu anasema neno kuhusu rangi, na mimi nimesinzia. Simu ilikuwa mfukoni, chini ya koti. Ningeweza kuitoa palepale. Lakini yeye alikuwa ananitazama, na mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi kulikuwa na watu. Nikamwambia, "Haya mama, Jumanne ijayo." Akaenda zake. Nimetenda makosa mengi katika kazi hii, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho.

Nikampokea mgonjwa mwingine, kisha mwingine, na kereketo halikuondoka. Nikaenda maktaba.

Simu juu, karibu na bati. Nikaandika jina la kila dawa kati ya zile nne pamoja na neno macho. Tatu hazikunipa kitu cha kunishtua. Ya nne ilinipa. Inaweza kuumiza mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi dalili ya mwanzo ni rangi, hasa nyekundu na kijani. Isimamishwe mara moja, mgonjwa apelekwe hospitali haraka. Ikiachwa mapema, kuona hurudi mara nyingi. Ikichelewa, huenda kusirudi kabisa.

Mtu aligonga mlango. Nilitoka mbio hata nikasahau kumpisha.

Yule mama alikuwa ameondoka na vidonge vya siku saba, mtiifu kuliko wagonjwa wangu wote, na kila asubuhi angemeza macho yake kwa sababu mimi nilimfundisha asikose. Nilipiga namba iliyoandikwa kwenye daftari, nikaambiwa haipatikani. Titileri alikuwa kikaoni wilayani. Nikaenda kwa dada mkubwa nikamwambia kila kitu, hata la kucheka. Hakunikaripia. Alifungua kitabu chake chenye jalada la mfuko wa unga, akatafuta jina la ile dawa ya nne, na ilikuwemo. Mstari ule ule, kwa Kifaransa, umepigiwa kalamu ya risasi chini yake. Aliupigia yeye mwenyewe, siku za ujana wake, akasahau.

"Nenda," alisema. "Chumba chako nitakishika."

Nilipanda pikipiki na koti langu jeupe likipepea, dereva akadhani nakwenda kuzalisha, akakimbiza kweli. Sikumrekebisha.

Mafundi wa Kabuga wamekaa kwa mstari, cherehani zimetazama njia. Yeye alikuwa wa tatu kutoka mwisho, futi shingoni, anapinda gauni. Aliponiona alifurahi.

"Muganga! Umekuja nikupime?"

"Mama, naomba unipe uzi mwekundu."

Kando yake kulikuwa na kopo la biskuti lililojaa nyuzi. Aliingiza mkono akatoa uzi mwekundu, mwekundu hasa, bila hata kusita. Nilishusha pumzi. Nikajisemea kwamba nimekimbia bure, kwamba nitarudi kazini na kupokea maneno ya titileri, na nilifurahi kuyapokea. Ndipo nikagundua kwamba hakuangalia kopo. Alikuwa anazijua nyuzi zake kwa mahali zilipolala, kama mtu anavyojua vikombe vyake kabatini.

Nikamwomba kopo. Nikamwaga nyuzi zote kwenye meza ya cherehani, nikazichanganya.

"Sasa nipe mwekundu."

Aliinama. Akachukua mmoja, akauinua penye mwanga, akauweka. Akachukua mwingine. Jirani zake walicheka wakidhani ni mchezo, halafu wakaacha kushona. Mwishowe alinipa uzi akisema, "Hii." Ulikuwa wa kijani. Nami niliona kwamba sasa hatazami uzi tena, ananitazama mimi, anatafuta jibu usoni mwangu.

Nikamwambia. Shida haiko dukani, mama, iko machoni, na huenda imeletwa na vidonge. Kuanzia kesho asivimeze, na leo hii twende hospitali.

"Oya! Hapana!" Alishika ncha ya mtandio penye vidonge akaibana kifuani. "Wewe mwenyewe ulisema nikiacha siku moja, ile wadudu inarudi na hasira. Miezi mbili unaniimbia. Leo unakuja na pikipiki unasema niache? Nani amekuambia?"

Nani ameniambia. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mgonjwa. Nikatoa simu.

"Tena simu!" alisema. "Mimi ndiyo niliandika kwa kasanduku yenu, unajua? Mwaka jana nilileta mjukuu iko na homa, muuguzi anaangalia simu, anaangalia simu. Nikaandika."

Huenda muuguzi huyo alikuwa mimi. Sikumuuliza.

"Huyo alikuwa anasoma, mama. Na mimi nasoma. Mimi sijui kila kitu. Kuna watu wameandika, nami natafuta walichoandika."

Niliyasema hayo hadharani, mbele ya mafundi sita na wateja wao, na ardhi haikupasuka. Yule mama alisogeza kando gauni alilokuwa akipinda.

"Nionyeshe," alisema.

Nikavuta kigoda kando yake, nikamsomea. Sentensi moja kwa Kiingereza, kisha nikaigeuza Kiswahili, polepole, na jirani yake mmoja akaigeuza Kinyarwanda kwa wale wa nyuma. Nilipofika penye rangi nyekundu na kijani, akanisimamisha.

"Wapi imeandika macho?"

Nikaweka kidole. Kiingereza hakijui, lakini naye aliweka kidole chake palepale, juu ya neno, kama anayekagua mshono.

"Soma tena."

Nikasoma tena, yote. Kisha akashika futi iliyoning'inia shingoni mwake.

"Mimi nimeshona tangu sijaolewa," alisema. "Mtu akikuja, namupima. Hata yule nilimushonea mwezi uliopita, akirudi, namupima tena. Mbele yake. Hakuna mtu amewahi kusema huyu mama hajui kushona. Sasa nyinyi mulikuwa munaficha nini?"

Nilikuwa na aibu, na wakati huohuo nilikuwa na furaha, nikamshika mkono tu. Alifungua ncha ya mtandio akanikabidhi vidonge vyote vya siku saba.

Niliwapigia hospitali ya wilaya palepale sokoni, wakasema mlete. Ndani ya basi nilimsimulia habari za maktaba yetu, tangi la maji, bati na mlango unaogongwa. Alicheka mpaka akakohoa, akaziba mdomo na barakoa yake kama nilivyomfundisha, akaendelea kucheka. "Chooni!" alisema. "Karatasi yangu ndiyo imewatuma chooni!"

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Alimpima macho, akamsikiliza habari za nyuzi mpaka mwisho, kisha akatoa simu mbele yetu, akaiweka mezani, akasoma. Hakuomba radhi. Yule mama alinigusa na kiwiko. "Naye anasoma," akaninong'oneza, na nilisikia sauti ya mtu aliyeridhika.

Vipimo vilieleza kilichobaki. Figo zake zilikuwa zimechoka bila mtu kujua, ile dawa ya nne ikawa inajikusanya mwilini badala ya kutoka. Daktari akampangia matibabu upya bila dawa hiyo, ili kifua kikuu kisipate mwanya. Kuhusu macho hakuahidi. Alisema tumewahi, na kwamba mara nyingi wakiwahi hivi rangi hurudi, lakini huchukua miezi, na wapo ambao haziwarudii zote. Mama alisikiliza, akauliza jambo moja tu: kama anaruhusiwa kuendelea kushona. Akaambiwa anaruhusiwa. Akasema basi atashona kanzu nyeupe na suruali nyeusi, kwamba hizo hata Mungu hawezi kumbadilishia.

Titileri alirudi akakuta nimeacha kazi saa za kazi na nimetumia simu mbele ya mgonjwa, tena sokoni. Akanitaka barua ya kujieleza. Kwetu barua hiyo si mchezo, inaingia kwenye faili na faili inakufuata. Niliiandika kwa hasira, ukurasa mmoja, bila hata salamu ya pili. Niliandika kwamba nilimwona mgonjwa anapoteza macho, kwamba simu ilikuwa mfukoni mwangu wakati yupo mbele yangu, na kwamba kosa langu halikuwa kuitoa sokoni bali kutoitoa chumbani. Titileri aliisoma, akasema tutaiongelea kikao cha mwisho wa mwezi.

Siku ya kikao nilivaa vizuri, maana nikishindwa napenda nishindwe nikiwa nadhifu. Titileri akafungua sanduku la maoni kwanza, kama kawaida yake. Choo cha wagonjwa hakina sabuni. Mlinzi ana maneno makali. Karatasi ya tatu, iliyoandikwa kwa Kinyarwanda, ilikuwa kipande cha karatasi ya ruwaza, ile ya mafundi ya kukatia nguo. Akaisoma kwa sauti, bila kupunguza.

"Mimi ni fundi wa Kabuga. Mwaka jana niliandika kwamba wauguzi wanacheza na simu. Ile karatasi naomba muichane. Muuguzi wenu amesoma simu mbele yangu na mimi nimesikia kila neno, ndiyo maana nilikubali kuacha dawa mbaya. Angesoma mbele yangu chumbani kwake, singerudi Kabuga nayo. Watoeni chooni muwarudishe chumbani."

Titileri alivua miwani.

"Nani anasomea chooni?"

Dada mkubwa, mwenye heshima kutuzidi sote, akainua mkono. "Mimi simu yangu ni ya kitochi," alisema. "Mimi nasomea stoo, na kitabu changu." Mtu wa famasi akainua wake. Wa maabara akainua. Mkunga akainua, akasema yeye maktaba anaijua mpaka mahali bati linapovuja. Nami nikainua, ingawa langu lilikuwa limeshajulikana mpaka sokoni. Vicheko vikaanza nyuma vikaja mbele. Titileri alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Mlango wa ofisi yangu una komeo kwa ndani," alisema. "Mlidhani ni la nini?"

Nilimpenda sana mtu yule kwa sentensi ile. Mwaka mzima tulikuwa tunafichana kitu kilekile.

Amri mpya tuliitunga palepale, na maneno yake yako ukutani mpaka leo, juu ya bango la dozi, ambalo kalenda yake imehamishiwa jikoni. Ukitaka kusoma, mwambie mgonjwa unatafuta nini, kisha umsomee ulichokipata. Ukishindwa kumsomea, basi ulikuwa unacheza. Kabati la kioo lilivunjwa kitasa wiki ileile, tena na titileri mwenyewe, kwa bisibisi, akifurahi waziwazi. Barua yangu ya kujieleza aliitoa kwenye faili akanirudishia bila neno. Ninayo nyumbani.

Wagonjwa hawakutudharau. Hilo ndilo tulilokuwa tukiliogopa, na halikutokea. Walisogeza viti. Wengine walianza kuuliza, "Na hiyo nyingine, imeandikwaje?" Mzee mmoja wa Kagarama, aliyekuwa akija kwa binti yake huku, alinitaka nimsomee hata yale yasiyomhusu, nikamsomea.

Lakini mimi nilikuwa nikisubiri kitu kingine. Kila Jumanne mama alikuja na kopo la biskuti. Nilimwaga nyuzi mezani, nikazichanganya, nikamwomba mwekundu. Wiki za kwanza alikosea, nami niliandika alichochagua kwenye fomu bila kupunguza, na akiondoka nilikaa kidogo na mlango umefungwa. Kisha akaanza kusema kwamba majivu yamekuwa na joto. Kisha akapata mara moja kati ya tatu, kisha mara mbili. Kifua kilikuwa kinapona, uzito unaongezeka, lakini Kabuga nzima ilijua kwamba yule fundi sasa anashona nyeupe na nyeusi tu, na wateja wa vitenge walikuwa wamehamia kwa jirani.

Jumanne moja alikuja bila kopo. Alisema amelisahau, akaniomba koti langu, ati ameona mshono wa begani umelegea. Nikampa. Akaondoka nalo, nami nikafanya kazi wiki nzima nikiwa nimevaa la kuazima, kubwa mpaka magotini.

Alilirudisha Jumanne iliyofuata, limepigwa pasi, limekunjwa. Begani hapakuwa na kitu chochote kilichowahi kulegea. Lakini kifuani, upande wa nje, mahali ambapo hakuna mgonjwa atakayeshindwa kupaona, kulikuwa na mfuko mpya. Ulikuwa mwekundu, wenye ukubwa wa simu yangu kamili, na mshono wa kijani umeuzunguka pande tatu, umenyooka, haujaruka hata mahali pamoja.

Niliugusa. Nikauliza ni nani amemchagulia nyuzi.

Yule mama alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nani tena, kama si mimi?" alisema. "Weka simu ndani, tuone kama iko saizi."